Leseni ya Kumfuata Noreen

Jumatatu, 8 Septemba
Miaka yote niliyoendesha gari sijagonga kitu. Hata kuku! Nimeyasema haya leo pale posta, mbele ya watu, kifua mbele.
Haya, geti. Geti nililigonga. Na tangi la maji la shemeji Thelma, lakini tangi lile lilikaa vibaya. Kangaruu siwahesabu, wao ndio hugonga.
Kilichonitia majigambo ni mtihani. Ukizeeka huku, serikali inataka uendeshe tena mbele ya mtahini, kana kwamba usukani umeushika jana. Wangu ni Alhamisi. Nikifaulu, Jumapili namfuata mke wangu Noreen kwenye nyumba ya wazee kule Cullabri, twende kuona mashamba ya kanola, ule mmea wa mafuta, yalivyochanua, kama kila mwaka. Nikifeli, gari litakuwa banda la kuku. Hapa Birrawool hakuna basi. Treni ipo, lakini hubeba ngano tu.
Thelma, mdogo wake Noreen, amesema atanipeleka yeye. Eti shemeji tulia, panda langu, uzee si aibu. Afadhali nitambae! Thelma huendesha kama anayesindikiza jeneza, na marehemu mwenyewe hana haraka.

Jumatano, 10 Septemba
Mbinu! Mtahini akiona gari safi, atadhani na dereva yu safi. Nimeliosha. Kosa! Kumbe lile vumbi ndilo lililoshikilia bampa. Nimelifunga kwa waya wa kufungia majani ya ng'ombe. Sasa gari linang'aa na kuning'inia.
Thelma akapita, polepole bila shaka, akateremsha kioo, akauliza kama nalipeleka harusini au nalizika. Nikamwambia lake halijazikwa kwa kuwa bado halijafika makaburini. Akacheka hadi injini ikazimika. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kicheko chake ni kile kile cha dada yake.
Nimempigia Noreen simu. Siku hizi kumbukumbu zake huja na kuondoka. Leo zilikuwepo. Akauliza kama kanola imechanua. Nikasema ni manjano matupu hadi macho yanapokomea. Akasema basi atavaa kofia ya bluu. Nikaapa nitakuja kumchukua. Mdomo huu!

Alhamisi, 11 Septemba
Mtahini ni binti mdogo, ametoka mjini. Akaniita babu. Nikameza.
Nimeendesha kama malaika. Kioo, indiketa, breki, indiketa tena. Nikajiambia, Alwyn, leo umewaweza.
Tukaingia barabara ya maghala. Akatokea jirani yangu Bert Hallinan na pikapu yake, anakuja upande wa pili. Bert akasimama katikati ya barabara. Nami nikasimama, dirisha kwa dirisha. Ungefanya nini? Kumpita jirani bila kumjulia hali ni ushenzi. Hapa watu wamenuniana vizazi viwili kwa jambo dogo kuliko hilo.
Tukaongea mvua. Tukaongea goti lake. Bert akauliza, mzee, mtihani wako si leo? Nikamwambia ndio naufanya, mtahini huyu hapa, msalimie. Bert akavua kofia. Binti akauliza, kwa sauti ndogo, kwani nafanya nini. Nikamjibu nimesimama, na hendibreki nimevuta. Nyuma yetu lori la kondoo likatulia, dereva anakula mkate wake, wala hakupiga honi. Huyo kalelewa!
Nimefeli. Eti nimeziba barabara. Binti alikuwa na huruma, akasema nikisimama nasimama vizuri sana. Kurudia naruhusiwa, ila si kabla ya Jumapili.

Jumamosi, 13 Septemba
Mbinu nyingine. Njia ya vumbi, ile ya nyuma ya kilima. Haina askari, haina lami. Nimfuate Noreen kimyakimya.
Nikaingia garini kufanya mazoezi. Nikatazama kiti cha pembeni. Kimebonyea umbo lake, maana hakuna mwingine aliyewahi kukikalia muda mrefu. Nikawaza kangaruu akiruka. Nikawaza kofia ya bluu. Nikashuka.
Nimekwenda kwa Thelma kwa miguu. Nikamwambia: shemeji, kesho utupeleke. Hakunitania hata kidogo. Angenitania, ningepona. Akasema saa nne, na nivae shati lenye vifungo vyote.

Jumapili, 14 Septemba
Nilikaa mbele kumwelekeza Thelma. Breki. Kata kona. Mbona unalala? Kabla hatujafika Cullabri akasimamisha gari, akanihamishia nyuma kama mbwa mwenye matope.
Noreen alikuwa mlangoni, na kofia yake. Akaja kukaa nyuma nami. Akauliza huyo mbele ni nani. Nikasema dereva wetu. Thelma akasema dereva anasikia, na anaweza kumshusha mtu. Noreen akasema, mshushe tu, mdogo wangu, ila si sasa hivi.
Kanola! Miaka yote nimempeleka kuiona, kumbe mimi nilikuwa naona lami. Yeye ndiye aliyekuwa akinisimulia. Leo nimeiona. Inang'aa kama dhahabu na kunuka kama kabeji. Noreen akanishika mkono. Akasema mkono huu siku zote ulishika gia. Kisha akalala begani kwangu hadi kwenye geti la wazee. Mkono ukafa ganzi. Sikuusogeza.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimeomba mtihani mwingine, Jumanne ijayo. Thelma akauliza wa nini tena, na jana ilivyokuwa njema? Atatupeleka kila Jumapili, kwake si kazi. Nikamwambia shemeji, haya ni mambo ya madereva.
Nimelichunguza lile kosa kwa haki kabisa. Si langu. Ni la Bert.
Bert, najua utayasoma haya, maana husoma chochote kilicho mezani kwangu huku ukijifanya unatafuta sukari. Mwaka wa mafuriko nilikuvuta topeni ukiwa na suruali ya kulalia, na sikumwambia mtu, mpaka baa ilipofunguliwa. Fadhila ile hujailipa. Sasa nilipe: Jumanne ukiniona barabarani, usisimame. Inua kidole, pita. Nitasimama mimi, kidogo tu, nikushukuru.