Viatu vya Mwalimu Nyenje

Jumatatu, 6 Mei

Salamu nyingi kwako, wewe utakayesoma haya, hata kama ni mimi mwenyewe uzeeni. Hujambo? Watu wa nyumbani wote wazima? Mimi mzima wa afya, ila goti la kulia linauma, na namshukuru Mungu kwa la kushoto. Usishangae kusalimiwa na daftari. Mwalimu wetu wa zamani alisema kuandika bila kusalimia ni kama kuingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Sasa habari yenyewe. Jana baada ya ibada Mama Mchungaji alitangaza kwamba kanisa linafungua darasa la jioni kwa watu wazima wasiojua kusoma. Anatakiwa mwalimu wa kujitolea. Moyo wangu ukaruka! Nikanyoosha mkono. Karani naye akanyoosha wake. Huyu ni jirani yangu, karani mstaafu, mtu wa suruali ya pasi hata anapofagia uwanja. Yeye ana vyeti. Mimi nina nyundo.

Mama Mchungaji akakata shauri: Jumanne nifundishe mimi, Jumatano Karani, Alhamisi mimi, Ijumaa Karani. Jumapili wanafunzi wachague wenyewe.

Mke wangu alicheka mpaka akatafuta kiti. Akauliza kama ni mimi huyuhuyu niliyeishia darasa la tano, au mtaani kuna fundi viatu mwingine. Nikamwambia mitume walikuwa wavuvi. Akasema mitume walifundishwa kwanza. Sikumjibu. Nilikuwa na misumari mdomoni, hiyo ndiyo sababu.

Nikwambie wewe, yeye sijamwambia. Tangu utoto nataka mtu mmoja aniite mwalimu. Kwa moyo wake, bila kunitania. Basi.

Na simwogopi Karani, kwa maana mimi mwalimu bora nimemwona kwa macho yangu. Mwalimu Nyenje! Si jina lake. Tulimwita hivyo kwa sababu viatu vyake vililia, nyee, nyee, kuanzia ofisini hadi mlangoni kwetu. Tukivisikia, waliosimama wanaketi, waliokuwa wakipigana wanapatana, na mwenye karanga anameza bila kutafuna. Akiingia, anakuta malaika watupu. Ah, siku zile! Vumbi la chaki kwenye mwanga wa dirisha, harufu ya sakafu iliyomwagiwa maji. Nikikumbuka, pua inaniwasha.

Nimefikiri mchana kutwa. Sifa ya kwanza ya mwalimu bora ni viatu.

Jumanne, 7 Mei

Maisha yangu yote nimekula kwa kunyamazisha viatu. Leo nimefanya kinyume chake, na ni kazi ngumu! Nikang'oa soli za viatu vyangu vya ibada, nikatoa kipande cha kizibo kinachokaa katikati, nikaacha ngozi kavu isugue ngozi kavu, nikashona tena. Nikatembea sebuleni. Mke wangu akaniuliza kutoka jikoni kama nimemwona huyo panya.

Tatizo moja. Kinalia cha kushoto tu. Cha kulia kimekataa katakata.

Jioni nikaingia ukumbini kwa fahari. Nyee, kimya. Nyee, kimya. Wanafunzi walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya kwaya. Mmoja wao ni dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye sauti ya honi. Akainama kuangalia mguu wangu, akasema, "Fundi, bushi ya upande huo imekwisha. Ukipiga kona utatuangukia!" Ukumbi mzima ukacheka. Mama Ndizi, anayeuza ndizi sokoni, alicheka mpaka akafuta machozi.

Sikutetereka. Nikakumbuka sifa ya pili: ukimya. Darasa likiwa na kelele, Mwalimu Nyenje hakupiga meza. Alisimama tu akitutazama, mpaka tunanyamaza wenyewe. Basi nikasimama. Nikawatazama. Wakanyamaza. Nikaendelea kuwatazama. Wakainamisha vichwa. Nikaona mambo yamekaa vizuri, nikaongeza muda. Mama Ndizi akadhani tumo katika sala ya kimya, akasema amina kwa sauti. Mtu wa nyuma akaanzisha wimbo. Ukafuata wa pili. Dereva akaimba besi, kwa kweli nzuri sana. Walipomaliza, wote wakanipa mkono, wakashukuru kwa ibada, wakaenda zao.

Herufi hazikufundishwa. Lakini nidhamu! Karani hawezi kupata nidhamu ile.

Jumatano, 8 Mei

Leo zamu ya Karani. Nikaenda kupeleleza. Nilibeba jozi ya viatu vya mwanakwaya, nionekane napita na shughuli zangu. Nikanyatia dirisha la ukumbi. Nyee! Karani akasema kutoka ndani, bila hata kugeuka, "Karibu mwalimu mwenzangu, kiatu chako kimeshatupigia hodi." Nikaingia. Ningefanya nini? Nikaketi nyuma.

Nikuambie nilichokiona. Hana hadhi! Aliketi benchi moja na wanafunzi, chaki imemjaa kwenye ile suruali ya pasi. Aliandika tarehe ubaoni, akakosea, akacheka, akamwomba Dereva aje afute. Mwalimu kufutiwa na mwanafunzi! Ni kweli Mwalimu Nyenje naye alikuwa akikosea hesabu ubaoni mara nyingi, na aliyegundua alipewa chaki aende kusahihisha. Sisi tulipigana vikumbo kutafuta makosa yake, tukajua hesabu zote. Lakini nadhani yule alikuwa haoni vizuri, maskini.

Jambo moja halikumwendea sawa Karani. Yupo bibi mmoja, mshona mikeka, mzee kuliko wote pale. Tunamwita Bibi Mikeka. Penseli inamtoroka vidoleni. Karani alimbadilishia nyingine, ikamtoroka pia. Watu waligeuka kumtazama, naye akaificha mikono chini ya meza, akasema ataangalia wenzake tu, inamtosha.

Nilirudi nyumbani na furaha. Nimeshaiona mbinu ya kumpiga Karani.

Alhamisi, 9 Mei

Mbinu ilikuwa hii. Mwalimu hupimwa kwa wanafunzi wake. Basi nitie darasani mwanafunzi hodari, nimuulize, ajibu, watu washangae nimemfundishaje. Nani? Mke wangu! Yeye alimaliza shule, anasoma mpaka maandishi madogo ya chupa za dawa. Alikataa. Nikambembeleza. Akasema atakuja kwa sharti moja, nimshonee ndara zake zilizosubiri tangu mwaka jana. Ukweli ni ukweli: mke wa fundi viatu huzoea kutembea kwa matumaini. Nikashona. Nilizishona vizuri, nikaongeza na bitana.

Jioni nikaandika sentensi ubaoni, nikauliza nani atasoma. Mke wangu akanyoosha kidole kama tulivyopanga. Akasoma mbio. Watu wakashangaa! Nikatabasamu. Mama Ndizi akamnong'oneza, "Dada, umewezaje?" Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mke wangu akaketi karibu naye, akamuuliza angependa kusoma nini kuliko vyote. Mama Ndizi akasema maandishi ya magunia sokoni, maana wachuuzi humwambia lolote wanalotaka. Mke wangu akaomba chaki. Nikampa! Akaandika ubaoni maneno ya magunia. Dereva akasogeza benchi, akasema na yeye anataka vibao vya barabarani, kwa maana kwa miaka yote amekuwa akifuata lori la mbele.

Mimi nilisimama kando nikipiga kikohozi cha kiualimu. Mwishowe Dereva akaniomba kwa heshima nisogee, naziba ubao.

Tukiwa njiani nilimwambia mke wangu amevunja mapatano. Akasema niliomba mwanafunzi hodari, nimempata, nalalamika nini. Halafu akatazama ndara zake akasema, lakini hizi umezishona, Baba Watoto, hongera.

Sikujua nikasirike au nifurahi. Nikafanya vyote viwili hadi nyumbani.

Ijumaa, 10 Mei

Zamu ya Karani. Sikwenda. Nimebaki kibandani, naye Mwalimu Nyenje hakunitoka kichwani.

Baba aliponitoa shule niketi naye kwenye kazi ya viatu, nilidhani ndio mwisho wangu na maandishi. Jumamosi ya kwanza tu, nikasikia nyee, nyee, kwa mbali. Mwalimu! Kwa miguu, kutoka kule shuleni juani. Akavua kiatu, akamwambia baba anaomba kiangaliwe. Baba akakigeuza, akasema mbona kizima. Mwalimu akasema angalia vizuri, mimi nitasubiri. Akaketi kwenye kigoda karibu yangu, akaokota kipande cha gazeti tulichofungia viatu, akaniambia nimsomee, miwani ameisahau. Alikuwa ameivaa. Jumamosi iliyofuata akaja tena na kiatu kizima. Na iliyofuata. Miaka! Baba alikwisha kujua, akawa anachukua kile kiatu na kukipangusa polepole mno, mpaka ukurasa uishe.

Siku moja nilimwambia Mwalimu naweza kukinyamazisha kile kiatu, kazi ndogo. Akakataa. Akasema, "Kiache kilie, mwanangu. Mtoto akinisikia nakuja, anapata nafasi ya kuacha ujinga wake kabla sijauona. Nisiyemwona, sina haja ya kumchapa."

Busara iliyoje! Nimeifikiria leo kutwa, nikilia kidogo juu ya buti la mtu. Maana yake iko wazi: mwalimu bora asikike kabla ya kuonekana. Kosa langu lote lilikuwa kile kiatu cha kulia. Kesho nakifumua upya.

Jumapili, 12 Mei

Viatu vyote viwili vinalia! Nilivivaa ibadani. Mchungaji alisimamisha mahubiri nilipokwenda kutoa sadaka, akangoja nirudi kuketi. Ndipo akaendelea.

Baada ya ibada, uchaguzi. Mama Mchungaji akasema mimi na Karani tusimame mbele, na kila mwanafunzi asimame nyuma ya mwalimu anayemtaka. Nikafumba macho, nikaomba. Nikasikia mtu mzito nyuma yangu. Nikafumbua. Dereva! Nusura nimkumbatie. Akaninong'oneza kwamba amekuja tu kuuliza viatu vyake vitakuwa tayari lini.

Mama Ndizi akauliza kama ni lazima kuchagua kati ya hawa wawili, au mtu anaweza kumchagua yule mama wa ndara. Mama Mchungaji akauliza yupi. Wote wakaelekeza vidole kwa mke wangu, aliyekuwa akifungia vitabu vya nyimbo kabatini. Akakataa. Wakamsihi. Akasogezwa mbele, na wanafunzi wakajipanga nyuma yake kama treni. Karani naye, mtu wa ajabu, akacheka, akaenda kujiunga kwenye foleni! Akasema atakuwa msaidizi wa kufuta ubao.

Nikabaki peke yangu mbele ya kanisa. Nilipiga hatua kwenda nje, na kila mtu akajua.

Bibi Mikeka hakujipanga nyuma ya mtu. Nilimwona akitoka kwa mlango wa pembeni.

Mke wangu ameniuliza kama nimekasirika. Nimesema la. Amenipikia chakula ninachokipenda, hiyo ikanionyesha kwamba hakuamini.

Jumatatu, 13 Mei

Siku ya hasara tupu. Nilifungua kibanda kwa uchungu, nia yangu nifanye kazi sana nisahau. Kumbe Bibi Mikeka amenitangulia, ameketi kwenye kigoda. Nikamwamkia, nikamuuliza kiatu kiko wapi. Akasema hana kiatu. Amekuja kuniambia hatarudi darasani, na anaona haya kumwambia mke wangu. Vidole vimekauka kwa mikeka, penseli haishikiki. Yeye hakutaka vitabu. Alitaka jina lake tu. Kila pahali wakimpa karatasi, wanamshika dole gumba, wanalichovya kwenye wino mbele za watu kama mtoto anayenawishwa.

Nikamwambia pole, bibi. Nikaendelea kutoboa soli. Akawa anautazama msharasi wangu, ile sindano nene ya ngozi, akasema unafanana na shazia yake ya kushonea mikeka. Nikampa aushike. Akaushika, na vidole vikatulia tuli! Basi, kwa kuwa mkono ulikuwa tayari, nikamtupia kipande cha ngozi, nikachora juu yake herufi ya kwanza ya jina lake. Akaifuata kwa msharasi. Ikaenda kombo. Nikageuza ngozi upande wa pili. Nikasogeza kigoda changu, nikamshika mkono. Ya pili nikaikosea mimi, nikaichora kichwa chini, na yeye, aliyeangalia wenzake darasani, akaliona kosa kabla yangu! Tulicheka mpaka jirani akachungulia.

Wateja walikuja, nikawaambia wangoje. Dereva akaja kudai viatu vyake kwa ile sauti ya honi, nikamwambia anyamaze, hapa watu wana kazi. Aliketi chini akatulia. Gundi ilikauka koponi. Sikukumbuka hata kula.

Jua lilipoanza kushuka, jina lilikuwa kwenye ngozi, herufi zote, zimechongwa na mkono wake peke yake. Alipitisha kidole juu yake, mara nyingi. Kisha akainua macho yaliyojaa maji, akasema, "Ahsante, mwalimu."

Nikageuka nyuma upesi, nikidhani mke wangu ameingia. Hakukuwa na mtu.

Macho ya wazee, maskini. Nikamsindikiza mpaka barabarani, nikamwambia aje kesho tuanze jina la baba yake, si darasa, ni kujiliwaza tu mpaka apate mwalimu wa kweli. Nikarudi. Hakuna hata soli moja niliyomaliza leo!

Lakini sijakata tamaa. Mama Mchungaji anasema mwakani huenda likaongezwa darasa la pili. Safari hii nimeshajua kilichopungua. Mwalimu Nyenje alikuwa na miwani, na kengele ndogo ya shaba mezani. Kimoja kati ya hivyo viwili ndicho siri yenyewe, na sijui kipi. Wewe unaonaje, nianze na miwani au na kengele? Tafadhali nijibu mapema, nipate muda wa kufanya mazoezi.