Sambaza Niliowafagia kwa Nia Njema

Kagarama, Kigali

Kwa Ndugu Habiyaremye,
Mwenyekiti wa Wavuvi, mwaloni, Rubavu

Ndugu Mwenyekiti,

Kama umesimama, kaa kwanza. Mimi ni Rutayisire, yule mzee wa kofia ya pama niliyekuja Jumamosi na mke wangu Gahongayire kuutazama mwalo wenu, hapo ziwani mitumbwi inaposhushia samaki. Sikusoma sana, darasa la sita nililichungulia dirishani. Lakini kulalamika hakuhitaji cheti.

1. Mwalo wenu unanuka samaki. Hakuna aliyetutahadharisha. Sisi wa Kigali tumezoea samaki aliyekwisha kutulia, amelala sahanini na limau lake.

2. Mitumbwi yenu mmeifunga mitatu mitatu kwa miti mirefu, kama mbuzi wa mnadani. Niliwashauri vijana waifungue, kila mmoja ukajitafutie riziki. Wakaniuliza kama nyumbani pia mimi nalala kwangu na mama kwake. Gahongayire alicheka kupita kiasi.

3. Hili ndilo kubwa. Nilikuta sambaza, wale samaki wenu wadogo kama kidole, wametapakaa juu ya turubai, ufuko mzima, na watu wanapita tu! Ndugu yangu, mimi ni msimamizi wa usafi mtaani kwetu. Kigali jani likianguka linaulizwa limetumwa na nani. Nikashika ufagio, nikafanya umuganda, ile kazi yetu ya usafi ya pamoja, peke yangu, nikawazoa wote na mchanga wao, nikajaza gunia. Nikasubiri makofi. Akaja mwenye sambaza, Mama Athanasie, na kafi mkononi, anauliza nimetumwa na paka gani, akanikimbiza hadi kwenye basi. Ningejuaje kwamba ameanika? Kwetu kinachoanikwa hutundikwa kwenye kamba.

4. Wavuvi wenu huimba wakipiga makasia. Sawa, kazi ni ngumu. Lakini basi letu likiwa bado linasubiri abiria, nilisikia wa mbele akiita, “Nani kafagia mboga?” na mitumbwi yote ikaitikia, “Mzee wa Kigali!” Ziwa lile nalo linarudisha sauti. Hata milima ikanifahamu.

5. Wimbo huo nao umepanda basi. Juzi wauza sambaza wa Nyabugogo, huku huku Kigali, walikuwa nao. Jana nimeusikia Kagarama kwa fundi cherehani. Na Jumapili tunachagua msimamizi wa usafi! Mpinzani wangu Karangwa, ambaye ua wake hufagiwa na kuku, anaupiga mluzi kila akipita mlangoni kwangu. Miaka yote ya ufagio, nizikwe na wimbo?

Kwa hiyo naomba wimbo ufutwe, na wavuvi waimbe habari za mvua. Ikishindikana, mwalo uhamishiwe kwenye ziwa letu dogo la Nyarutarama, kando ya uwanja wa gofu, wavuvi wawe watu waliooga, na kila sambaza aanikwe kwenye kamba kwa kibanio chake.

Wasalimie wavuvi, mitumbwi mitatu mitatu, na Mama Athanasie, yeye kwa mbali.

Mimi mwenye ufagio,
Rutayisire

Nyongeza: Nimechelewa kutuma barua, uchaguzi umepita. Nimeshinda! Watu walikuja wanaimba, wakasema anayefagia hata mboga ya mwenzake hatashindwa na taka zao. Basi wimbo usifutwe. Ongezeni ubeti wa kofia. Mwalo ubaki palepale. Na lile gunia la sambaza nililokimbia nalo, Mama Athanasie asilitafute: Gahongayire aliwapepeta mchanga, akawakaanga, wakaisha. Jumamosi tunakuja tena. Mama Athanasie nitamletea kitenge. Ufagio ninao.