Plau Iliyovutika Kwa Urahisi Kupita Kiasi

Ndugu zangu wa kundi hili, kabla sijasema lolote, jina la Bwana lihimidiwe. Nimeamka na uhai, hakuna mtu aliyeumia, na punda wako salama. (Habari ya punda inakuja.) Naanza na shukrani ili Mungu apate sehemu yake kabla ninyi hamjaanza kucheka.

Maana leo nimeaibika. Tena mbele ya kina mama wote wa mwethya, nikiwa nimefumba macho.

Mnajua trekta yangu imezeeka kama mwenyewe. Haidroliki ya kuinua plau ilikufa msimu uliopita. Bila haidroliki plau inalala chini, na ukiivuta barabarani utalima barabara. (Niliwahi. Naibu wa chifu alikuja nyumbani, akanywa chai, akaniomba nisirudie.) Fundi wa kuchomelea pale sokoni aliniambia nimpelekee aiangalie. Nikamwambia, "Kijana, Mungu alinipa mikono."

Basi nikatoa ekseli ya pikapu ambayo imekuwa ikiota majani nyuma ya choo. Nikaichomelea chini ya plau, nikatia magurudumu, nikarefusha chuma cha kuvutia. Grisi nilipaka bila huruma. Ukifika shambani unavuta mtaimbo mmoja tu, magurudumu yanapanda, diski za kulimia zinashuka. Jana niliisukuma kwa mkono mmoja ikazunguka uwanja wote. Nikaisukuma tena. Niliposukuma mara nyingine, mke wangu alifunga dirisha.

Sasa, haukuwa mchezo. Kuna dada yetu kanisani, Syombua, mjane. Shamba lake lilikuwa halijaguswa, na huku kwetu Ikutha mbegu inatakiwa iwe ardhini mvua inapofika. Ikishanyesha wewe ukiwa hujalima, umepoteza msimu. Mwaka jana ilimpata hivyo, akanunua mahindi mpaka akauza mbuzi. Mawingu yameanza kukaa kule juu ya vilima. Kwa hiyo Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikasema, "Syombua asihangaike. Plau yangu itakuja." Wakapiga makofi. Kina mama wa mwethya, wale wanaosaidiana shamba kwa shamba, wakaahidi kuja leo kupanda nyuma ya plau.

Asubuhi nikafunga plau kwenye trekta. Inashikwa na pini moja nene, na pini ina tundu la kupitisha waya ili isichomoke. Waya sikuwa nao. Nikachukua kipande cha blada, ule mpira wa ndani ya tairi, nikazungusha vizuri.

Mke wangu alikuwa anapepeta pojo. Akaangalia.

"Baba Mwende, hiyo si ndio blada ya kufungia kuku kwa pikipiki?"

"Ni blada nzuri."

"Kuku alitoroka."

Nikawasha trekta ili nisisikie mengine.

Jamani, ilivutika! Nilikuwa nasikia uzito wake kidogo tu nyuma yangu. Nikaanza kuimba. Nikashuka mpaka mto wetu wa mchanga, ambao saa hizi hauna maji ila kwenye visima watu wanavyochimba. Nikavuka. Ng'ambo kuna kile kilima kinachonitesa kila mwaka, nikiweka gia ya chini na maombi. Leo? Trekta ilipanda kama mbuzi! Haikunguruma, haikukohoa. Katikati ya kilima nikasikia wepesi wa ajabu, kama mtu aliyeondolewa mzigo.

Nikasema kwa sauti, "Bwana, umeibariki kazi ya mikono yangu!"

(Shingo yangu haigeuki vizuri. Kioo cha nyuma kilivunjwa na jogoo. Nayasema haya kama utetezi.)

Nikapita sokoni. Watu wakasimama kuangalia. Wengine wananyoosha vidole nyuma ya trekta. Nikajua wanaonyeshana zile kazi za kuchomelea. Hajji, yule anayenunua mbuzi wa kupeleka Mombasa, alikimbia kando yangu akiwa ameshika kofia.

"Mzee! Mzee! Nyuma yako!"

"Asante, Hajji! Nimetengeneza mwenyewe!"

"Lakini nyuma, mzee wangu! Nyuma!"

"Ukitaka, nitakutengenezea na wewe!"

Akasimama, akashika kiuno. Nikampungia mkono mpaka kona.

Kwa Syombua kina mama walikuwa wamejaa. Sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, iko motoni, mbegu ziko kwenye vibuyu, kila mtu na jembe lake. Waliposikia trekta wakapiga vigelegele, halafu nilipoingia vigelegele vikakatika katikati. Nilipenda hiyo heshima. Nikazima injini, nikavua kofia, nikabaki nimekaa juu ili wote wanione.

Syombua akaja mbio. "Mzee wetu, karibu, lakini..."

"Syombua, kwanza Bwana. Mengine baadaye."

"Ndio mzee, lakini hiyo plau..."

"Hiyo plau ndiyo tunaiombea. Tufumbe macho."

Mnajua kanisa letu. Mzee wa kanisa akishasema tufumbe macho, hakuna mtu wa kufungua mdomo, hata nyumba ikiwaka. Na mnajua maombi yangu. (Mchungaji aliwahi kunishauri niwe naomba nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja.) Nikaombea diski. Nikaombea magurudumu. Nikamshukuru Mungu kwa ekseli, kwamba jiwe walilolikataa mafundi limepata kazi. Nikasema, "Bwana, wewe umeona jinsi ilivyopanda kile kilima, nyepesi kana kwamba haipo!"

Hapo nikasikia mtu anavuta pumzi kwa pua. Mwingine analia kwa kubana. Nikadhani Roho amewagusa. Nikaongeza sauti.

"Amina!"

"Amina," wakajibu, wengi wakiwa wamejiziba midomo kwa kanga.

Nikashuka, nikanyoosha mkono kuelekea nyuma ya trekta kama mtu anayefungua pazia. "Haya mama zangu, tazameni!"

Tukatazama.

Kulikuwa na barabara. Kulikuwa na kuku wawili. Na pale pini ilipotakiwa kuwa, kipande cha blada kinaning'inia.

Niliinama nikachungulia hata chini ya trekta. Mama mmoja mnene akakaa chini, akapiga ardhi kwa viganja. "Aiya! Mzee ameombea hewa!" Basi, wakaanguka wote. Ila Syombua. Yeye alikuwa anaangalia mawingu, na uso wake ndio ulinichoma. Kicheko ningekivumilia. Lile shamba nililiahidi mbele ya madhabahu, na plau sijui iko wapi.

Nilikuwa napanda trekta nirudi kutafuta, mara tukasikia mtu anapiga mbinja barabarani.

Alikuwa Kasyoka. Huyu ni rika langu, tulitahiriwa msimu mmoja, na maisha yake yote amenicheka kwa kupenda mashine. Yeye ni mtu wa punda, anauza maji ya mtoni. Akatokea kwenye kona na punda wake wawili. Nyuma ya punda, plau yangu! Inateleza kimya kabisa, na mitungi yake ya maji imepangwa juu ya diski.

"Hodi hapa!" akaita. "Nimeleta mgeni. Nilikuwa nachota maji, hii kitu ikashuka kilima yenyewe pole pole, ikaingia mchangani, ikasimama karibu na mimi. Nikaisalimia, haikujibu."

Nikashuka taratibu.

"Punda wangu hawajatoa hata jasho," akaendelea, akizunguka plau na kuigonga magurudumu. "Kilima chote wamekuja wakipiga domo. Kweli huyu aliyetengeneza ni fundi! Ni nani?"

Kina mama wote wananiangalia.

"Ni mimi," nikasema.

"Ala! Sasa trekta ni ya nini?"

(Mnaweza kucheka hapa. Hata mke wangu, nilipomwambia, alicheka mpaka pojo zikamwagika.)

Lakini Kasyoka ni mtu mwema. Pini aliiokota njiani. Alifungua waya kwenye mtungi wake mmoja, akaupitisha kwenye tundu, akausokota kwa koleo hadi ukalia. Tukaanza kulima. Diski zilishuka kama nilivyopanga, na nawaomba mkumbuke hilo pia. Kina mama walipanda nyuma yangu wakiimba ule wimbo niliokuwa nao barabarani, na kila tulipogeuza mwisho wa shamba wanauliza kwa pamoja, "Mzee, iko?" Najibu, "Iko!" Tulimaliza jua likiwa bado lipo. Syombua akamwaga mbegu ya mwisho kwa mkono wake, na hapo tu ndipo nilimwona akicheka. Alicheka vizuri sana.

Wakaniomba nifunge kwa maombi. Nikaomba kwa ufupi, macho wazi, mkono mmoja juu ya plau.

Sasa naandika haya matone yanagonga bati. Mungu awabariki ninyi nyote mnaosoma. Mvua yenu ianguke kwenye shamba lililolimwa, mizigo yenu iwe myepesi, na ikiwa myepesi sana, Bwana awape shingo ya kugeuka.