Taarifa ya Mwenyekiti Kuhusu Kuuzwa kwa Jina Letu la Mtandaoni, Kanazi

Sospeter, kaa chini. Mtu mzima mwenye wajukuu unasimama katikati ya kikao kuuliza kama jina limeuzwa au halijauzwa, na mwenyekiti hajafungua hata mdomo. Nani alikulea? (Sospeter anakaa.)

Mheshimiwa Diwani uliyetuma udhuru, Baba Paroko ambaye udhuru wako bado uko njiani, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji, Ta Rugemalira mweka hazina, Ma Edvina katibu na mlinzi wa mhuri, waheshimiwa stekiholda wote wa kikundi chetu cha wakulima wa kahawa, wageni kutoka Bilele mliokuja na viatu vya mjini, na mimi mwenyewe, Bibi Kokugonza, mwenyekiti wenu kwa vipindi vitatu bila kupingwa na mtu anayekumbukwa: nawasalimu. (Makofi. Mwenyekiti anaomba yarudiwe.)

Ndugu wajumbe, kama mnavyofahamu, na asiyefahamu ni uzembe wake, kikundi kina mali isiyoshikika iitwayo jina la kikoa, yaani lile jina ambalo mtu wa mbali anaandika kwenye simu ili afike kwenye duka letu la kahawa la mtandaoni, jina ambalo mjukuu wangu Limi alilisajili na mimi nikalisimamia. Bwana Awadhi, mfanyabiashara wa Muleba, alilitaka, na badala yake akaahidi kutujengea vichanja vya kuanikia kahawa, vyenye paa, maana mliona wenyewe kahawa ya Ma Sabina iliyoanikwa chini msimu uliopita: ilinyeshewa, ikaota ukungu, mnunuzi akaigeuza kwa mguu na kuondoka zake. (Ma Sabina anainamisha kichwa.)

Ofisi yangu, kwa kuzingatia uwazi, uwajibikaji na kapasiti bildingi, ilifanya uchambuzi wa kina wa opsheni zote za mauzo. Kuna mnada, ambapo watu wasiofahamiana wanapandishiana bei kwenye kompyuta. Niliukataa, mnada ni wa ng'ombe. Kuna dalali, nilimuuliza Limi dalali huyo ni wa ukoo gani, hakujua, nikamkataa. Kuna kulikodisha kwa mwaka, lakini mpangaji akishaonja ndizi za shamba lako hatoki. Tukabaki na kumuuzia Awadhi moja kwa moja, opsheni ambayo ilipitishwa na asilimia mia moja ya wajumbe, wakiwamo asilimia thelathini ambao hawakuhudhuria. (Makofi.)

Hata hivyo, mali haiuzwi kama dagaa. Kwetu kibanja cha ukoo, yaani shamba la migomba la urithi, hakitoki mpaka wenye ukoo waulizwe kwanza kama wanakitaka wao, na jina hili lilitungwa na marehemu Ta Karugendo, kwa hiyo utaratibu ukafuatwa. Nilituma watu visiwani wakamtafute mwanawe, Kahangwa, anayevua sangara. Nilimwagiza Awadhi alete rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya mashahidi. Nilimwagiza Limi anionyeshe mipaka ya jina ili tupande miti kwenye kila pembe, naye akanijibu, "Bibi, jina halina pembe." Nikamwambia kitu kisicho na mpaka ni cha jirani. (Kicheko nyuma. Mwenyekiti anamtazama aliyecheka mpaka anaacha.)

Ni kweli, na wala sifichi, kwamba Limi alikuwa akinisumbua asubuhi na jioni kuwa jina linalipiwa kila mwaka, lisipolipiwa linaachiwa, na yeyote anaweza kulichukua. Nikamuuliza, baba yangu alikilipia wapi kibanja chake kila mwaka? Ukishazika wazazi wako mle, ni pako.

"Bibi, huku hatujamzika mtu," akasema.

Huo ni utovu wa nidhamu, nikaufikisha mbele ya kamati ya maadili, ambayo mwenyekiti wake ni mimi.

Ninayo furaha kuwatangazia kwamba Kahangwa amepatikana, na amejibu kwamba jina halitaki. Rubisi imeletwa na mashahidi wameinywa yote. Mchakato umekamilika kwa asilimia tisini na tisa. (Makofi marefu.) Asilimia moja iliyobaki ni kwamba wakati tunamngoja Kahangwa muda wa jina uliisha, likachukuliwa na mtu tusiyemjua, na Bwana Awadhi amenijulisha, kwa heshima zote, kwamba amekwisha kulinunua kwa mtu huyo, hivyo haoni sababu ya kutujengea sisi vichanja. (Minong'ono. Mtu anasema jina la Mungu kwa Kihaya.)

Semeni pamoja nami. Kanazi, mbele. Kahawa, juu. Jina, letu. (Wachache wanaitikia. La mwisho haliitikiwi.)

Namshukuru Diwani kwa kukubali kulizindua duka letu la mtandaoni, ambalo halikupata kufunguliwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulitengeneza. Namshukuru Ma Edvina kwa kuligongea mhuri hata hivyo.

Ma Sabina, nimeuona mkono wako. Unauliza kahawa ya safari hii, ambayo imeshaanza kuwa nyekundu mitini, utaianika wapi. (Mwenyekiti anakunja karatasi ya hotuba.)

Nyuma ya nyumba yangu kuna mikaratusi, ile ambayo sijawahi kumruhusu mtu aokote hata kuni chini yake. Akina baba, nendeni na mashoka sasa hivi. Anzeni na ile minene, mabati mtayang'oa kwenye banda langu la mbuzi. Kichanja cha kwanza ni cha Sabina. Na Limi akiwaambia nguzo isimame wapi, isimame hapo hapo, msimbishie.