Pete Isiyovaliwa Kidoleni

Jumatatu, 6 Machi 1961. Kanazi.

Leo nimeamua. Sizai tena. Watoto watano wanatosha, na wa mwisho nusura aondoke na mimi. Nilitoka damu mpaka nikaanza kuwaona marehemu wa kwetu wamejipanga ukutani wakinisubiri. Sitaki kufa! Nina cherehani, nina nguvu zangu, na kwaya yetu ya Kilutheri imeniletea vitambaa vya magauni ya Pasaka. Mwenye kazi nyingi hivyo hafi ovyo ovyo.

Shamsia, nesi wa Bukoba mjini, alikuja kupimwa gauni. Katikati ya kupimwa akaanza kunieleza habari bila kuulizwa. Kuna daktari mama wa Kizungu anayefika mjini mara moja kwa mwezi. Ana pete. Siyo ya kidoleni. Ni waya mwembamba wa fedha uliosokotwa ukawa duara. Inawekwa ndani, kwenye mji wa mimba, inakaa humo. Hakuna dawa ya kumeza. Maziwa ya mtoto hayaharibiki. Ukitaka kuzaa tena, inatolewa. Nikauliza kama inaweza kupanda mpaka moyoni, maana Benigna, jirani yangu, anasema mambo ya Wazungu hupanda moyoni. Shamsia alicheka mpaka pini zikamchoma. Akasema haina njia ya kufika huko.

Sharti ni moja. Mume aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake kuwa amekubali. Shamsia akasema nimlete tu Ishengoma, hatakataa. Alirudia mara mbili, akinitazama kwa namna fulani. Lakini Shamsia hajaolewa, atajua nini? Mume wangu Ishengoma ni mwana pekee wa Mama Kokubanza. Na mama mkwe wangu ameshatangaza kuwa Krismasi haitafika kabla hajabeba mjukuu mwingine. Nikimwambia Ishengoma, atamwambia mama yake. Mama yake ataiambia Kanazi yote.

Kwa hiyo Ishengoma haambiwi. Mume nitamtafuta kwingine. Nina mpango.

Alhamisi, 9 Machi.

Nimepata mume! Apolinary, mtoto wa mama mdogo, muuza samaki sokoni Bukoba. Ana suti. Nimemwahidi suruali mpya.

Alikuja leo nimfundishe. Jina lako Ishengoma. Wewe ni mwalimu. Umekubali kwa moyo mweupe. Kisha unanyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo penye kazi. Anataka kuongeza kuwa alipigana vita Burma. Nikamkataza. Vita hiyo ilipopiganwa alikuwa bado mtoto mdogo, sharti ufikiri. Nikamwambia awataje watoto wetu. Akaanza vizuri: Gamaliel, Datius, Kokubanza... Kokubanza ni mama mkwe wangu! Mwanamume amemzaa mama yake mwenyewe.

Benigna akachungulia kati ya mibuni. Benigna ana watoto tisa na cherehani mpya kuliko yangu, na hakuna siku anasahau kunikumbusha vyote viwili. Akauliza bwana huyu mwenye suti ni nani. Nikasema ni mkaguzi wa cherehani. Akaomba akaikague na yake. Apolinary akaenda! Akarudi na mkungu wa ndizi, na habari kwamba cherehani ya Benigna ni nzuri sana.

Jumanne, 14 Machi.

Sijui nianzie wapi.

Shamsia aliniambia nije nikiwa kwenye siku zangu. Eti njia inakuwa laini kidogo, na daktari anakuwa na uhakika kuwa sina mimba. Zilianza jana. Asubuhi nikaaga kuwa nakwenda mjini kununua vifungo. Vifungo nilinunua kweli. Mimi si mwongo.

Apolinary alinisubiri na suti yake. Kwa mbali ni mwalimu, kwa karibu ni harufu ya samaki. Daktari akatukaribisha, akamwuliza kama amekubali. Akasema amekubali kwa moyo mweupe. Nikashusha pumzi. Akaendelea. Alifika Burma kabla sijamkanyaga mguu.

Daktari akatandaza vyombo kwenye kitambaa ili atueleze sote wawili. Hiki cha midomo miwili, mithili ya mdomo wa bata, ndicho kinachofungua njia. Hiki kijiti kirefu cha chuma kinapima kina. Pete ni hii hapa, ndogo, inang'aa. Apolinary akauliza kijiti kinaingia wapi. Akaelezwa. Akaanguka chini na suti yake yote.

Wakamlaza kwenye kitanda changu! Mgonjwa mimi, nimesimama kando na vifungo vyangu mkononi, na muuza samaki anapepewa.

Hapo ndipo daktari, bila hasira, aliponiambia kuwa mwalimu Ishengoma anamjua. Ni mrefu kuliko huyu. Alikuja mwezi uliopita kwa baiskeli kutoka Kanazi, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alisema anaogopa nitakufa kwa uzazi mwingine. Aliuliza kama pete inauma, na kama kuna namna yeye achukue nusu ya huo uchungu. Ruhusa aliitoa siku hiyo hiyo. Aliomba Shamsia aje kunieleza kana kwamba imetokea tu, nisije nikadhani amenichoka. Nikamgeukia Shamsia. Akawa anatazama dari.

Nimekasirika! Kunifanyia hila, mimi mkewe! Mimi ninayemwambia kila kitu!

Basi, pete. Apolinary aliondolewa kitandani, nikapanda. Magoti juu, shuka juu ya magoti. Chuma ni baridi, hilo lazima niliandike. Shamsia akaniambia nipumue polepole na nilegeze mapaja. Nikayakaza. Akaniambia tena. Nikaoshwa kwa dawa. Kisha mbano mmoja mkali, nikamtaja Yesu. Kisha mwingine mrefu zaidi, kama maumivu ya hedhi yaliyokuwa yananiwekea kinyongo. Nikauliza kama bado sana. Wakasema imeshaingia. Kumenya ndizi za chakula cha jioni kunachukua muda mrefu zaidi.

Nilipoinuka nikaona kizunguzungu. Nikakalishwa, nikapewa chai ya sukari nyingi. Apolinary alikunywa ya kwake, akamalizia na yangu. Daktari akaniambia nitarajie nini. Tumbo litasokota leo na kesho, chupa ya maji ya moto itasaidia. Damu itaendelea kidogo, na hedhi za mwanzo zitakuwa nzito kuliko nilivyozoea. Nikague vitambaa vyangu, maana pete nyingine hutoka zenyewe. Nikipata homa, au harufu mbaya, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, nisikae nyumbani kusubiri, nije mara moja. Akirudi mwezi ujao ataitazama kama imekaa mahali pake. Nilielewa yote. Nina akili nyingi.

Basi la kurudi halikuacha shimo hata moja. Nikashuka nimejikunja. Mama mkwe alikuwa mlangoni kwangu, akauliza nina nini. Mtu mwenye busara angesema tumbo linamsokota. Ilikuwa kweli, na ilikuwa tayari mdomoni. Nikasema: Mama, nadhani nina mimba.

Sijui kwa nini! Neno lilitangulia.

Jumatano, 15 Machi.

Mama mkwe amehamia kwangu. Amekuja na mkeka, sufuria lake na kuku wawili. Anasema hatoki mpaka mtoto azaliwe. Amenitandikia nyasi mpya sakafuni kama mgeni wa heshima. Ananipikia dawa ya majani chungu na kusimama mbele yangu mpaka niimalize.

Tumbo linasokota kama nilivyoambiwa. Chupa ya maji ya moto inasaidia kweli. Kila nikikunja uso, Mama anashukuru Mungu.

Jana alimngoja Ishengoma njiani ampe habari yeye mwenyewe. Ishengoma aliingia ndani, akanitazama. Hakula. Nikajua: dhamiri inamla. Vizuri! Na ataendelea hivyo mpaka akiri kuwa alikwenda kwa daktari nyuma ya mgongo wangu. Mimi sisemi kwanza.

Ijumaa, 17 Machi.

Benigna ni mtu mbaya. Nilianika vitambaa vyangu nyuma kabisa, kwenye migomba, ambako hakuna mtu apitaye. Yeye akapita. Akamwendea Mama kwa sauti ya huruma, akamwuliza tangu lini mwenye mimba anafua vitambaa vya namna ile.

Nikadhani uongo umekwisha, na moyoni nikafurahi kidogo. Wapi! Mama alipiga yowe, akasema mimba inataka kutoka, akanilaza. Miguu juu ya mto. Marufuku kushuka kitandani. Marufuku kushona. Wanawake wa jirani wanakuja na ndizi na kahawa ya kutafuna, wanakaa, wananitazama kwa majonzi. Mmoja alisali kwa muda mrefu mpaka nikalala, nikaota nimezaa.

Damu imepungua leo. Pete haijatoka, nimekagua. Afya yangu ni nzuri kabisa na siruhusiwi kwenda hata jikoni.

Sasa lililoniuma. Kwaya imeingiwa na wasiwasi juu ya magauni. Mama amewaambia wasihangaike. Vitambaa vyote amempa Benigna. Benigna! Mkatoliki atawavika Walutheri Pasaka, kwa cherehani iliyokaguliwa na mkaguzi wangu mwenyewe!

Jumapili, 19 Machi.

Mama alikwenda kanisani kuniombea. Ishengoma alibaki kunilinda. Nilipoona haji chumbani nikashuka kitandani, nikamfuata. Nilikusudia kumbana mpaka akiri.

Nilimkuta kwenye migomba, amekaa chini na suruali yake ya kanisani. Analia. Sijawahi kumwona Ishengoma analia. Hata alipokufa baba yake alijikaza. Alifuta uso akasema alichelewa, kosa ni lake. Alijua kuna daktari, akaona haya kuniambia, akapitia njia za kuzunguka, na sasa mimba imewahi. Akasema usiku ule wa mtoto wa mwisho aliishika miguu yangu, ikawa baridi. Hataki kuishika hivyo tena. Akaniomba msamaha.

Niliona aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ile mibano ya kitandani haikuniuma hivi. Nimeishi na mwanamume mwema miaka yote hii na nikaenda kutafuta mwingine sokoni.

Nikamwambia kila kitu. Kwamba mimba hakuna. Kwamba pete ninayo tayari, imekaa. Akauliza iliuma? Nikasema iliuma, na kwamba ile nusu aliyoomba abebe yeye sikuona mtu aliyekuja kuichukua. Akauliza nilikwenda na mume gani. Nikamtaja Apolinary. Akacheka mpaka akashika mgomba, mgomba ukainama. Nilipofika kwenye Burma alilala chini kabisa. Nami nikacheka, tumbo likasokota kidogo, sikujali. Sijampenda hivi tangu anioe.

Tukapatana. Hakuna uongo tena. Hakuna hila, hata ndogo, hata ya heri. Nikaapa kwa mkono ulioinuliwa. Kesho tunamwambia Mama pamoja, maneno machache: mimi Kemilembe sina mimba, nimepumzika kuzaa. Najisikia mwepesi. Mimi ni mtu mpya!

Jumatatu, 20 Machi.

Tulikwenda mbele ya Mama baada ya chai. Ishengoma kulia, mimi kushoto. Sentensi nilikuwa nayo, nimeirudia tangu alfajiri.

Mama alikuwa amekaa kwenye nyasi akishona nepi. Alikuwa amekata kanga yake nzuri, ile aliyonunuliwa na marehemu mumewe, ile asiyoivaa hata kwenye harusi. Vipande vyote amevikunja vizuri magotini. Akasema tangu Mzee aondoke hakuna kilichomfurahisha hivi. Akaona nyuso zetu. Mkono wenye sindano ukasimama. Akauliza: "Ai waitu, mbona mmesimama hivyo? Mtoto amepatwa na nini?"

Ishengoma akanigusa kiwiko. Nikafungua mdomo niseme ukweli.

Nikasema: Mama, ni mapacha.

Vigelegele vya Mama vilisikika barabarani. Benigna alikuja mbio na sindano bado mdomoni. Ana watoto tisa, lakini pacha hana hata mmoja. Ule uso wake! Nitaukumbuka mpaka nizeeke. Mama ameshaondoka. Mapacha kwetu si jambo la nyumba moja. Ni ngoma, ni koo zote mbili, ni pombe ya kuandaliwa mapema. Ametuma watu mpaka kijiji cha Kishanda.

Ishengoma amechukua baiskeli yake. Anazunguka nayo uwanja wa shule, namwona kutoka hapa. Mzunguko wa ngapi huu sijui.

Atatulia. Hakuna cha kuhangaikia, muda upo tele. Binamu yangu Alistidia, wa huko huko Kishanda, ana mimba changa, na wanaomwona wanasema tumbo lake limepita ukubwa wa kawaida. Kesho asubuhi nakwenda kumsalimia.