Vyambo Kumi na Viwili na Jino Moja

Jumatatu, 8 Juni

Nimefungua daftari jipya. Mambo makubwa yanakuja, yasije yakanikuta sina pa kuyaandika.

Habari yenyewe: mwenye duka la vifaa vya uvuvi anatafuta mtu wa kumtengenezea vyambo bandia, vile visamaki vya uongo vinavyofungwa ndoana na kuvutwa majini ili samaki wa kweli wadanganyike. Kazi ya kufanyia nyumbani. Nyumbani! Nilipolisikia neno hilo nilimkumbatia mtoto mpaka akalia.

Maana Jumatatu ijayo likizo yangu ya uzazi, niliyoiongeza bila mshahara, inakwisha. Nikiikosa kazi hii, narudi kwa dobi kupiga pasi, na mtoto anahamia kwa mama mkwe, mbali, nimwone Jumapili kwa Jumapili. Ana miezi sita na nusu. Fizi zimevimba, mate yanamtoka kama bomba bovu. Jino liko njiani. Mimi nimbebe miezi tisa, nimzae kwa siku mbili, halafu jino la kwanza alione mama mkwe? Thubutu!

Mpinzani ni mmoja tu. Wifi. Dada mkubwa wa baba mtoto, mpara samaki wa sokoni, vidole vimejaa chale za mapezi. Anasema amechoka kunuka. Namhurumia. Lakini huruma haileti kazi.

Utaratibu: kila asubuhi tunapeleka chambo kimoja kimoja. Mvuvi mmoja anayeitwa Kimya anavijaribu vyote ziwani, changu nusu ya asubuhi na cha wifi nusu. Jumamosi mwenye duka anampa kazi mwenye chambo kilichoshinda vyote.

Mimi nina akili. Samaki ni kama mteja, anafuata kinachong'aa. Nimetoa hereni zangu za harusi.

Jumanne, 9 Juni

Chambo cha kwanza: mwili wa soli ya kandambili, ulimi wa mbele wa plastiki ya dumu wa kukizamisha kinapovutwa, macho ya vifungo vya shati la baba mtoto, mkia wa hereni. Kizuri mpaka niliona uchungu kukitia majini. Baba mtoto kaenda ofisini shati limebanwa na pini. Kasema anatumaini samaki watamshukuru.

Cha wifi kilikuwa kahawia, kimepinda, kama kitu kilichookotwa jalalani. Nilicheka kwa ndani.

Matokeo: changu, samaki sifuri. Cha wifi, tisa.

Lakini si haba! Wavuvi wawili wameuliza kama changu kinapatikana kwa ajili ya wake zao. Mvuto upo. Umekosea anwani tu.

Jumatano, 10 Juni

Nimekwenda sokoni kupeleleza, mtoto mgongoni. Nikajificha nyuma ya matenga. Mtoto akapiga chafya. Wifi akaniita bila hata kugeuka, akasema nitoke huko nisije nikaloa.

Nikamkuta anapasua matumbo ya samaki na kuchungulia ndani. Nikauliza anatafuta nini. Akaniambia yote, hivi hivi, bila kunificha! Kwamba anaangalia walichokula, anakiiga. Kwamba mvua zimelitia ziwa tope, samaki haoni mbali, anasikia mtikisiko wa maji kwa ubavu wake. Kwamba chambo kinachokwenda sawasawa hakimshtui. Anachokimbilia ni kile kinachoyumba, kama kisamaki kigonjwa.

Nimetafakari njia nzima. Nani anampa mpinzani siri yake bure? Ni mtego huo! Kumbe siri ni kinyume chake. Kuanzia leo vyangu vitanyooka kama rula.

Jioni wifi akaja kumlisha mtoto uji ili mimi nipate kugundisha. Ghafla kijiko kikalia ngo! Wifi akaduwaa, kisha akatabasamu peke yake. Akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia, kijiko hicho kibovu, wenzake nimewakata kutengeneza mapezi. Akasema wifi yangu, hebu weka gundi chini umtazame mwanao. Nikajua nia yake. Nikiweka gundi chini, nimeshindwa!

Samaki leo: mimi mmoja, naye alinaswa mkia, kwa bahati mbaya yake. Wifi saba.

Alhamisi, 11 Juni

Wazo: harufu! Nimekilowesha chambo kwenye marashi niliyopewa siku ya harusi.

Sifuri. Mbaya zaidi, Kimya mwenyewe amekuja mpaka mlangoni kukirudisha chambo. Mtu ambaye wiki nzima hajasema neno alisema hivi: "Dada, mke wangu ananiuliza ninavua wapi." Akaenda zake.

Wifi kumi na mmoja.

Nimempakata mtoto nikamwimbia. Ameninyonya kidole. Nikaogopa sana juu ya Jumatatu, nikarudi kwenye gundi upesi ili nisilie. Baba mtoto kasema nipumzike nicheze na mtoto. Nimemwambia ninafanya yote haya ili nipate nafasi ya kucheza naye. Kamchukua mtoto, kaenda kucheza naye yeye.

Ijumaa, 12 Juni

Siku ya hujuma! Samaki wa asubuhi sitaki hata kuwaandika.

Nilichonga chambo cha mwisho, kimenyooka, laini, bado hakina rangi wala ndoana. Nikakiacha mkekani, nikatoka kuanua nguo kwa kuwa mvua ilianza. Wifi alikuwa amekaa hapo hapo na mtoto. Narudi, naona nini? Ubavu wa kushoto umeliwa! Vishimo vidogo vidogo, kimoja kimoja, na ulimi umepinda. Kimelowa chote.

Kwanza nikasema panya. Lakini panya gani ana jino moja? Nikamtazama wifi. Wifi akamtazama mtoto. Mtoto akacheka, kinywa wazi, mate tele. Wifi akasema mwangalie vizuri mwanao, anataka kukuambia kitu. Kugeuza maneno huko! Kakidunga kwa msumari, anadhani sijui!

Sikumwambia neno. Heshima. Nilisubiri aondoke, nikavifunika vishimo kwa rangi nyekundu ya kucha, mikono mitatu, mmoja ukikauka napaka mwingine juu yake. Nimejaribu kuunyoosha ulimi, umekataa. Soli imekwisha, plastiki imekwisha. Nimekifunga ndoana na kukipeleka dukani hivyo hivyo, kilema changu, huku nikimwomba Mungu samaki wasiangalie upande wa kushoto.

Jumamosi, 13 Juni

KUMI NA SITA!

Wifi kumi. Mimi kumi na sita! Mwenye duka alihesabu mara mbili. Akamuuliza Kimya chambo hiki kina nini. Kimya akafikiri, akasema: "Kinayumba." Maskini, hajui mambo ya rangi. Nikamweleza mwenye duka kwamba siri ni wekundu, mikono mitatu, si miwili. Akasema yeye hajui, anachotaka ni kumi na viwili kama hicho hicho kwa Jumatatu, na kazi ni yangu. Yangu!

Nimekimbia mpaka nyumbani. Nikamnyanyua mtoto juu, nikamshusha kifuani, akaning'ata kidevu. Aa! Nikamfungua kinywa. Jino! Chini, katikati, jeupe kama punje ya mchele! Mimi, mama yake, wa kwanza duniani kuliona!

Nikaenda naye sokoni mbio, kandambili mguu mmoja. Nikamwonyesha wifi. Akaweka kisu chini, akajifuta mikono mara tatu, akamshika mtoto, machozi yakamtoka. Akasema alikuwa anaingoja siku hii. Alitaka kusema na jambo jingine, akalimeza. Mtu kanyimwa kazi asubuhi na bado ananifurahia! Nikamsamehe msumari wake papo hapo.

Baba mtoto aliporudi nikamwambia afumbe macho, aguse. Akagusa, akashangaa sana, lakini kama mtu aliyefanya mazoezi. Kisha yeye na dada yake wakatazamana wakacheka. Hawa ndugu wana mambo yao.

Jumatatu, 15 Juni

Sikwenda kwa dobi! Saa ya kupiga pasi nilikuwa nimekaa mkekani, mwanangu ubavuni, anatafuna pembe ya khanga.

Vyambo kumi na viwili vimekamilika, kwa soli na plastiki alizonipa mwenye duka. Vimenyooka kama rula. Kila kimoja nimekisugua kwa msasa pande zote mbili, hakuna hata mkwaruzo, si kama kile kilema. Wekundu mikono minne, kwa uhakika.

Wifi kapita kuviona kabla ya kwenda sokoni. Amevigeuza kimoja kimoja. Nikaenda kuchota maji, narudi namkuta kakiweka kimoja mdomoni, anakiuma ubavu wa kushoto, kwa nguvu, jicho moja limefumbwa! Nikauliza vipi. Akasema kulikuwa na uzi. Vingine sita vilikuwa pembeni yake, vimelowa. Maskini wifi yangu, kumbe katoka kwake bila kula. Nimempa chai na mkate. Kasema vyote atavipeleka dukani yeye mwenyewe, vilivyobaki ataviangalia nyuzi njiani, mimi nibaki na mtoto wangu. Nimeona nimwachie. Moyo anao, ufundi ndio hana.

Kwa mzigo ujao nafikiria rangi ya kijani. Pia kioo kidogo, samaki ajione.

Fizi za mtoto zimevimba tena, upande wa pili wa lile jino. Nimekaa macho. La pili nalo litakuta mama yake yuko tayari, nitaliona wa kwanza, kama nilivyoliona la kwanza. Sasa hivi baba mtoto anamlisha uji hapa na kijiko kinalia ngo, ngo, mara mbili mbili, na anaacha kulisha na kuniuliza kama ninasikia. Nimemwambia ninasikia, abadilishe kijiko, na asinivurugie mawazo. Naandika.