Mtaalamu wa Theluji Njia ya Kewanja

Jumatatu, 3 Aprili 1995. Turwa, Tarime

Wewe uliyeokota daftari hili, tafadhali lifunge. Kama umeshindwa kulifunga, basi nakupigia magoti: neno hata moja lisikutoke. Usimwambie mkeo. Usimwambie padri. Na zaidi ya wote, usimwambie Danford.

Siri yenyewe ni hii. Sijui kuendesha gari.

Yaani, najua kidogo. Leseni ninayo. Niliipata kiangazi, kwa kuzunguka uwanja wa mpira mara mbili, na aliyenipima aliomba kushuka baada ya mzunguko wa kwanza.

Tatizo ni barua yangu ya kuomba kazi. Waombaji walikuwa wengi, nafasi ya ukarani moja. Niliogopa. Mtu akiogopa huandika mambo. Niliandika kwamba nina uzoefu wa kuendesha gari kwenye theluji na barafu, mkoani Kilimanjaro. Ukweli: nilisoma kidato cha tano na cha sita Moshi. Theluji niliiona kwenye dirisha la bweni. Asubuhi, kama hakuna mawingu.

Mzee Athanas, meneja wa ofisi yetu ya kununua dhahabu, aliipenda sentensi hiyo kuliko vyeti vyangu vyote.

Leo saa nane mchana imenyesha mvua ya mawe. Sijapata kuona! Barabara yote nyeupe. Migomba imechanika kama nguo kuukuu. Wafanyakazi wote tuko dirishani, na Mzee Athanas akageuka polepole kunitazama, akitabasamu kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna nyama imebaki jikoni.

Dereva wetu Stanslaus ameacha kazi, amekwenda kuchimba dhahabu mwenyewe. Aliyekuwepo kabla yake vilevile. Siku hizi kila mwenye mikono miwili yuko machimboni. Na mizani mpya lazima ifike Kewanja kabla ya Jumamosi, siku ya kufungua kituo chetu mbele ya mgeni rasmi. Mzee akasema mizani nitaipeleka mimi. Miezi yangu mitatu ya matazamio inakwisha Jumamosi hiyohiyo. Mizani ikifika, nathibitishwa kazini. Isipofika, nafasi yangu anapewa Danford, karani wa stoo, ambaye kaka yake ana gari Sirari na kwa hiyo anajiona alizaliwa ameshika usukani.

Mama yangu, huko Kamachumu, ameshawatangazia wanakwaya wote kwamba nina kazi ya kudumu.

Danford ameniuliza kwa upole kama kwenye theluji honi hupigwa au hupulizwa.

Jumanne, 4 Aprili

Mpango wa kwanza: kuchelewesha. Nimemwambia Mzee kwamba kitaalamu barafu haikanyagwi mpaka iyeyuke yenyewe. Akasema vizuri, akachungulia nje. Jua kali. Hakuna hata punje. Mpango wa kwanza umekufa saa mbili na robo asubuhi.

Mpango wa pili: elimu. Ninacho kijitabu cha Kiingereza, kiliachwa shuleni kwetu na mmisionari wa Kifini, kinafundisha kuendesha gari wakati wa theluji. Ndicho kilichoniponza kuandika ile barua. Nimekisoma mara tatu. Usikanyage breki kwa ghafla. Weka uzito nyuma. Beba majivu, koleo, blanketi, mshumaa na chokoleti. Majivu nimepewa na Gladys, mama lishe wa jirani, gunia zima, na hakuuliza kitu ila alinitazama kwa huruma. Chokoleti Turwa nzima hakuna. Nimechukua kashata.

Mazoezi uani kwa gari la ofisi, jioni. Nimegonga mpapai. Mpapai ulikuwa nyuma yangu na mimi nilikuwa nakwenda mbele. Sielewi.

Danford amewaambia wote kwamba kumbe theluji ya Kilimanjaro huota mapapai.

Jumatano, 5 Aprili

Safari! Mimi kwenye usukani, na Mzee Kisyeri, mlinzi wetu, pembeni, amepakata sanduku la mizani kama mjukuu. Nyuma mawe manne, majivu, koleo, blanketi.

Gia ya kwanza kutoka Tarime. Mzee Kisyeri akauliza kama gari lina gia nyingine. Nikamjibu kwamba wataalamu hawana haraka. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alitupita, akasimama kufunga kanga, akatupita tena.

Lakini tulikwenda! Saa tano, hatujaanguka. Nikaanza kupiga mluzi. Kilomita tatu kabla ya Kewanja kuna mteremko, na chini yake tope jeusi. Tukiwa juu, mawingu yakakusanyika, na mvua ya mawe ikashuka kwa makelele juu ya bati la gari. Njia ikawa nyeupe mbele ya macho yangu. Theluji yangu! Nikakumbuka kijitabu: usikanyage breki. Sikuikanyaga. Sikukanyaga kitu chochote. Niliinua miguu yote miwili.

Gari likateleza kama sabuni. Likageuka. Tukashuka mteremko kinyumenyume, mimi nikiangalia Tarime, mpaka tukatua mtaroni. Mzee Kisyeri akatazama mbele, akatazama nyuma, akaniuliza, kwa lile neno lao la kumwita kijana:

"Mura, huko Moshi mlikuwa mnakwenda hivi?"

Nikamwaga majivu yote chini ya magurudumu. Yakawa uji. Nikawasha mshumaa, sijui kwa nini, kitabu kilisema. Tumelala nyumbani kwa Mama Rhobi, mama mwenye boma juu ya mtaro. Ametupa ugali na kicheko. Kicheko kilikuwa kingi zaidi.

Alhamisi, 6 Aprili

Nimeamka na akili mpya. Mama Rhobi ana maksai wanne wa kulimia. Majirani zake wanao wengine. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, nikamweleza habari za mizani, maendeleo na vijana wetu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama naita risaga.

Nikamwuliza Mzee Kisyeri risaga ni nini. Akasema ni desturi ya Wakurya: mtu akizidiwa na kazi huwaita majirani, wanakuja wote, wanaimaliza, na hawadai malipo. Lakini...

Hawadai malipo! Nikamwambia hayo ya "lakini" atanieleza baadaye. Nikamwambia Mama Rhobi naam, naita, nawaita wote.

Wakaja. Watu sitini! Wazee, kina mama, maksai wanane, minyororo, nyimbo. Wakalifunga gari. Mimi nikakaa kwenye usukani, injini imezimwa, uso umekazwa kitaalamu. Tukavutwa kutoka mtaroni, tukapita tope, tukapandishwa hadi kwenye changarawe. Kila ng'ombe alipokata kona nilizungusha usukani, ili nisionekane bure. Mama Rhobi, fimbo mkononi, akaniambia nikaze hivyohivyo, ng'ombe wananitegemea.

Mzee Kisyeri akajaribu "lakini" yake tena. Nikamwambia baadaye, Mzee wangu. Mama Rhobi akauliza, sasa lini? Nikaelewa anaulizia ufunguzi. Nikasema Jumamosi, Kewanja, mje wote, mje na ndugu! Wakapiga vigelegele. Watu wema kiasi gani!

Mizani imefika Kewanja saa tisa alasiri. Haina hata mkwaruzo. Kwenye kitabu cha safari nimeandika: "Barafu kiasi. Imeshughulikiwa."

Ijumaa, 7 Aprili

Tumerudi Tarime. Mzee Athanas amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikamweleza jinsi nilivyosoma barafu, nilivyoibembeleza. Mzee Kisyeri akakohoa wakati wote wa maelezo. Nadhani ni ile baridi.

Barua ya kuthibitishwa inapigwa chapa. Nimeiona kwenye mashine! Bado sahihi tu.

Danford amekasirika. Amemwambia Mzee kwamba kesho mgeni rasmi atamleta yeye, kwa gari la kaka yake, na tutaona nani dereva na nani msomaji.

Jumamosi, 8 Aprili. Kewanja

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi. Viti vimepangwa, mbuzi watatu wako jikoni kwa ajili ya wageni waalikwa, togwa iko kwenye pipa. Mzee Athanas ana suti na barua yangu mfukoni. Ghafla nyimbo! Watu sitini na ndugu zao, na maksai wanane, wamevalishwa kengele. Wakaketi kwenye viti vya waalikwa. Mama Rhobi akamsalimia Mzee, akauliza chakula kiko wapi.

Mzee akauliza chakula gani. Akajibiwa: cha risaga. Aliyeita ndiye anayelisha, nyama na kinywaji, mpaka watu washibe. Ndiyo ilikuwa "lakini" ya Mzee Kisyeri!

Kisha Mama Rhobi akasimulia yote, mbele ya kila mtu. Mtaro. Mshumaa. Akaigiza mimi nikizungusha usukani nyuma ya makalio ya ng'ombe. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mzee Athanas hakucheka. Akaitoa barua yangu mfukoni, akaikunja mara mbili. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Desderius, kumbe theluji yenyewe ina pembe?"

Nikaanza kutunga barua ya kwenda kwa mama.

Hapo akaja mtu mbio, miguu imejaa tope. Mgeni rasmi amekwama! Mtaro uleule! Ndani ya gari, suti nyeupe, hawezi kushuka. Danford ameshika usukani na analia. Mzee Athanas akashika kichwa. Bila mgeni rasmi hakuna ufunguzi.

Sote tukamtazama Mama Rhobi. Mama Rhobi akatazama jikoni. Akasema wanaweza kwenda, kwa nini wasiweze, ila deni la juzi halijaliwa bado, na mtu haitwi risaga ya pili tumbo likiwa na njaa ya kwanza.

Mzee akafungua jiko mwenyewe. Akagawa nyama akiwa na suti yake. Mbuzi watatu wakaisha. Pipa likaisha. Wakafuta midomo, wakaenda wakiimba.

Baada ya saa moja gari likatokea. Maksai wanane mbele, kengele, vigelegele, vumbi hakuna, tope tupu. Mgeni rasmi ametoa nusu ya mwili dirishani, anapunga mikono yote miwili, anaimba pia. Na kwenye usukani, injini imezimwa, uso umekazwa kitaalamu: Danford. Ng'ombe walipokata kona, akazungusha.

Mgeni rasmi alisema ameshapokewa na bendi, na ngoma, na halaiki, lakini hajawahi kupokewa hivi. Wananchi wenyewe! Ng'ombe wenyewe! Nani kaandaa? Mzee Athanas akanyoosha kidole kwangu. Mgeni rasmi akanipa mkono, akasema mtu kama huyu msimwachilie. Mzee akaikunjua barua. Akaisainia juu ya mgongo wa Danford.

Nimethibitishwa! Karani wa kituo, Kewanja! Mimi, Danford na Mama Rhobi tumecheza mpaka kengele za ng'ombe zikakatika.

Jumapili, 9 Aprili. Kewanja

Nimetoka kanisani nimetakata. Nimeahidi mbele ya altare: uongo basi.

Nje nimekutana na Mzee Athanas, furaha bado haijamtoka. Akasema mgeni rasmi anataka tuwafikie wachimbaji wa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, na kabla ya masika kuisha lazima pawe na daraja la kamba. Akauliza, kwa kuuliza tu, kama kuna anayejua kazi hiyo.

Akanitazama, akitabasamu kama siku ile ya mvua ya mawe. Tabasamu hilo hunitisha. Nikasikia mtu anasema amejenga mawili. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Basi, wewe uliyesoma hadi hapa. Kama unajua daraja la kamba linavyofungwa, au unamjua anayejua, njoo upesi. Shuka Kewanja, uliza kituo cha mizani, pita mlango wa nyuma. Danford akikuuliza shida, sema umeleta kashata kutoka nyumbani. Kama sipo, nitafute mtoni. Nitakuwa ukingo wa huku, natazama ukingo wa kule, nimeshika kamba.